Wiki Tano Kwenye Stoo ya Viti

Nilirudi kutoka kufua nguo mtaa wa Section 58, hapa Nakuru, jioni, nikakuta kufuli jipya juu ya kufuli langu. Wanangu wawili walikuwa wamekaa mlangoni na sare za shule. Nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, 4,600, na sikatai, deni lilikuwa langu. Lakini kila kitu kilikuwa ndani ya hiyo nyumba ya mtaa wa Rhonda: godoro, mtungi wa gesi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kitambulisho changu.

Siku tatu tulilala kwa rafiki yangu mtaa wa Kaptembwa, watu saba chumba kimoja. Usiku wa tatu nikamsikia mumewe akinong'ona, nikajua muda wetu umeisha. Mchungaji wa kanisa letu la mabati akanipa ufunguo wa stoo ya viti. Tulilala humo wiki tano, juu ya maboksi, viti vya plastiki vimerundikwa mpaka darini. Baridi ya Nakuru mwezi wa saba huijui mpaka uilalie kwenye simiti. Kuoga sokoni ilikuwa shilingi ishirini kwa kichwa, kwa hiyo watoto walinawa uso na miguu tu, wakaoga Jumamosi kule ninakofua. Yule mama ninayemfulia alijifanya haoni. Mungu ambariki.

Nilitafuta mahali panapopokea mama pamoja na watoto wake. Kila niliyemuuliza alinitajia makao ya watoto. Nikapiga 116, ile namba ya bure ya watoto, nikaelekezwa kwa afisa. Akaniuliza kwa upole kama ningekubali watoto wakae mahali kwa muda hadi nijipange. Alikuwa na nia njema. Nilikataa, na mpaka leo sijui nilikataa kwa ajili yao au kwa ajili yangu.

Mwingine akanishauri niombe zile nyumba za serikali za Bondeni. Kujiandikisha Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, kunataka kitambulisho na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa ushuru, na kabla ya ufunguo uwe umeweka akiba. Mimi niliyekuwa nahesabu shilingi ya kuoga!

Aliyenifumbua macho ni kijana anayejitolea kusaidia watu na mambo ya sheria mtaani. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama Junia, kodi ilikuwa pesa ngapi?" Nikamwambia 2,300. Akaniambia kuna sheria ya kodi za nyumba inayowalinda wapangaji wa nyumba zisizozidi 2,500 kwa mwezi, na mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya baraza linaloamua kesi hizo, hata ukiwa na deni. Kesi ningeweza kufungua. Ila kesi haina mahali pa kulaza mtoto leo usiku, kwa hiyo tulienda kwa chifu.

Chifu alimwita mwenye nyumba na mzee wa mtaa. Baada ya kelele nyingi tukaandikiana: nichukue kitambulisho, vyeti, nguo na vitabu vya shule, deni nilipe 500 kila mwezi, godoro na mtungi vibaki kwake. Najua sheria ilikuwa upande wangu na ningeweza kukataa. Nilitaka kitambulisho, kwa sababu bila hicho hakuna keateka, yule msimamizi wa ploti ya kupangisha, aliyekubali hata kunionyesha chumba.

Sasa ikabaki deposti. Chumba nilichopata Kaptembwa kilikuwa 2,000, deposti 2,000, yaani elfu nne kabla hujaingiza sufuria. Kwenye chama chetu cha kuchangiana kwa zamu tuko kumi, mia mbili kila wiki, na mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Niliomba kubadilishiwa zamu. Mwenyekiti akasema zamu ni zamu. Aliyekuwa apokee wiki hiyo akainua mkono, akasema mpeni, mimi nitangoja. Sikuweza kumshukuru vizuri, nililia tu.

Hiyo ikawa kodi. Kuhusu deposti nilimwambia keateka ukweli: sina. Nitalipa 500 kwa miezi minne, na kila Jumamosi nitaosha vyoo na korido ya ploti bila malipo mpaka iishe. Akampigia mwenye ploti, akaniuliza nani ananijua. Nikampa namba ya yule mama wa Section 58.

Tuliingia siku hiyo hiyo na maboksi yetu ya kulalia. Deposti iliisha zamani. Kule Rhonda nimebakisha 1,100, na mtungi wa gesi bado uko kwake.