Wembe wa kukunja: kutunza makali miaka nenda miaka rudi

Mwanzoni, anayenyoa kwa wembe wa kukunja, ule mrefu unaojikunja ndani ya mpini wake, huhangaika na mkono: pembe, kuvuta ngozi, namna ya kuzunguka kidevu bila kujichanja. Mkono huzoea haraka kuliko watu wanavyodhani. Kinachosumbua kwa miaka ni makali, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye nyembe za kutupa, wakisema uso wao haupatani na wembe huu. Mara nyingi uso hauna kosa lolote. Makali yamekufa na mwenyewe hajatambua.

Wembe mkali hupita chini ya povu ukitoa mchakacho mwembamba, na ndevu huondoka bila kuvutwa. Wembe butu huvuta. Mtu akihisi anavutwa, hukandamiza, na ukimgomea tena huinua mgongo wa wembe, yaani upande mnene ulio kinyume na makali. Yote mawili ni makosa. Pembe inayofaa usoni ni nyuzi 30 hivi: laza ubapa kwenye shavu, kisha inua mgongo kidogo, kiasi cha unene wake mara mbili au pungufu. Ukizidisha, makali hukwangua ngozi badala ya kukata unywele. Ukipunguza mno, huvuta hata kama wembe ni mkali.

Utajuaje kama kosa ni la makali au la mkono? Tumia shabu. Ukimaliza kunyoa, suuza uso kwa maji baridi, lowesha kipande cha shabu, kisha kipitishe uso mzima. Kama pote panawaka, shuku makali, au uzito wa mkono. Kama panawaka mahali pamoja tu, tuseme kwenye kona ya taya au chini ya kidevu, makali hayana shida. Hapo hukuvuta ngozi vizuri au ulikwenda kinyume na mlalo wa ndevu. Kipimo hiki kina manufaa kuliko kukata unywele ulioning'inizwa, jambo linalopendeza kwenye video lakini hutegemea sana unene wa unywele wenyewe.

Lakini unywele, kitu laini mno mbele ya chuma, unawezaje kuua makali? Watafiti wa MIT huko Marekani walilitazama jambo hili kwa darubini ya elektroni na kuchapisha majibu mwaka 2020. Waliona kwamba makali hayaishi kwa kusuguliwa polepole tu, bali hubanduka vipande vidogo sana, hasa unywele unapojipinda na kuyasukuma kwa upande, tena mahali ambapo chuma chenyewe hakikulingana kwa ugumu. Wao walitumia nyembe za kawaida za kutupa, lakini funzo linafaa hapa pia: udevu uliolowa vizuri hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Dakika mbili tatu za maji ya uvuguvugu na povu zito hulinda makali sawa na zinavyolinda ngozi.

Kisha kuna ukanda, ule mshipi wa ngozi na kitambaa wa kulainishia makali, na hapa ndipo makali mengi huharibiwa na mwenyewe. Wembe hutangulia mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, ndipo urudi. Kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja. Kabla ya kunyoa, mizunguko 20 hadi 30 kwenye upande wa turubai au kitani, kisha 50 hivi kwenye ngozi. Ukanda uwe umenyooka barabara: ukiulegeza, ngozi hujikunja kuzunguka ncha ya makali na kuyafanya ya mviringo, na kila siku unayazidishia ubutu huku ukiamini unayanoa. Uzito unaohitajika ni ule wa kuufanya wembe ubaki umelala, mgongo na makali vikigusa pamoja. Wale vinyozi wa sinema wanaopiga ukanda kwa kasi wanaigiza. Kasi ndiyo huleta mikato kwenye ngozi ya ukanda. Mkato mdogo husawazishwa kwa msasa laini. Ukanda wenye upana wa sentimita 7 au zaidi hubeba wembe mzima. Mwembamba wa sentimita 5 unataka wembe upelekwe kwa mshazari, ili kisigino, yaani upande ulio karibu na mpini, na ncha vyote vipate zamu yake. Usiupake ukanda mafuta ya kupikia. Kuusugua kwa kiganja kikavu kunatosha.

Adui mwingine ni maji. Kutu kwenye ubapa ni doa tu. Kutu kwenye makali ni pengo, hata kama jicho halilioni. Ukimaliza, suuza wembe bila kulowesha mpini, kisha futa kwa karatasi laini kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, si kwa kuyafuata makali kwa urefu, maana hivyo ndivyo vidole hukatika. Mizunguko 10 kwenye kitambaa cha ukanda huondoa unyevu uliobaki. Kisha uache wembe wazi kwa saa moja, nje ya bafu. Maji hujificha kwenye msumari unaoshika mpini, na kutu inayoanzia hapo huonekana ikiwa imeshachelewa. Ukitaka kuuweka kwa wiki kadhaa, pakaza tone la mafuta ya madini. Chuma kisichoshika kutu kirahisi nacho kinahitaji haya, ila hukuvumilia zaidi ukisahau.

Pamoja na uangalifu wote, utafika wakati ukanda hausaidii tena. Kwa anayenyoa kila siku, hilo huja baada ya miezi kadhaa. Usikimbilie kinoo kikali. Anza na ukanda mwingine uliopakwa oksidi ya kromiamu, unga laini wa kung'arishia chuma, wa mikroni 0.5: mizunguko 5 hadi 10, kisha rudi kwenye ngozi safi. Kama haikutosha, tumia kinoo cha 12000 (namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi), kwa maji, makali yakitangulia safari hii. Kinoo cha 1000 ni cha wembe wenye mapengo au wenye ukingo ulioharibika. Kukitumia kila mara ni kuumaliza wembe kwa miaka michache badala ya kuurithisha. Ukilazimika kuanzia huko, panda hatua kwa hatua, 1000, 4000, 8000, kisha 12000, wala usihame kabla alama za kinoo kilichotangulia hazijafutika.

Wembe hunolewa ukiwa umelala kabisa, mgongo ukigusa kinoo. Mgongo ndio unaopanga pembe: wenye unene wa milimita 5 kwenye wembe wa upana wa milimita 18 hutoa pembe ya karibu nyuzi 16. Kwa kuwa mgongo nao hulika kidogo kila unaponoa, uwiano haupotei sana hata wembe ukipungua upana. Anayebandika utepe mgongoni kuulinda anaongeza pembe kidogo. Si vibaya, mradi aubandike kila anaponoa, la sivyo makali hayatagusa kinoo mahali palepale.

Kabla ya kunoa, paka wino wa kalamu nene kwenye ukingo wote, kisha pitisha mara mbili tatu. Wino ukibaki sehemu fulani, sehemu hiyo haiguswi. Ukibaki kila mara kwenye kisigino na ncha, jichunguze: unakandamiza katikati, na kwa muda makali yatabonyea kuingia ndani, kosa gumu kuliko yote kulirekebisha. Kinoo chenyewe kiwe tambarare. Chora miraba ya penseli juu yake, kisugue kwenye msasa wa maji uliowekwa juu ya kioo kinene, na usiache mpaka mistari yote ifutike.

Kuhusu uso, machache. Vuta ngozi kwa mkono wa pili, nenda hatua fupi za sentimita 2 au 3, na usiuburute wembe kwa upande kamwe. Mpito wa kwanza hufuata mlalo wa ndevu, wa pili huukata kwa ubavu. Kwenda kinyume ni hiari, na kwa wenye ndevu zilizojikunja nashauri kuacha kabisa: udevu unaokatwa chini ya uso wa ngozi hurudi kwa kujichoma ndani na kuleta vipele. Wembe wako usiguse uso wa mtu mwingine. Homa ya ini ya B hupita kwenye damu isiyoonekana kwa macho.

Kwa anayenunua wembe wa zamani, wa Solingen (Ujerumani), Sheffield (Uingereza) au Thiers (Ufaransa), upana wa milimita 16 hivi unafaa kuanzia. Uangalie dhidi ya mwanga kama upana ni mmoja kuanzia kisigino hadi ncha, na kama mgongo haujalika upande mmoja. Kutu ya ubapani inavumilika, ufa kwenye makali hapana. Tazama pia mpini. Seluloidi ya zamani huoza na kutoa mvuke wenye asidi, na chuma huanza kushika kutu palepale kinapolala ndani ya mpini. Ukiona hivyo, tenga wembe huo na nyingine zilizo kwenye kasha lile, kwa sababu mvuke hauchagui, kisha vua mpini na uweke mwingine wa mbao au pembe.