Siku moja maishani mwangu: jioni ya Zaburi ya 78

Mimi ni mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda cha mabomba katika kanisa la chuo kikuu. Waimbaji wangu ni wanafunzi wa sheria, udaktari, uhandisi, na wachache mno wa muziki. Siku ninayoisimulia ni tarehe 15. Wanakwaya wanaofuata Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 wanaijua vizuri. Kitabu hicho kimezigawa zaburi zote 150 katika siku 30, asubuhi na jioni, na jioni ya tarehe 15 imepewa zaburi moja tu, ya 78. Ina mistari zaidi ya 70.

Saa 1 asubuhi. Nawasha feni ya kinanda, nasubiri mivukuto ijae upepo. Wakati huo naangalia kipimajoto ukutani. Mabomba mengi ya kinanda hutoa sauti kwa namna ya filimbi, na hewa ikipata joto sauti yao hupanda, karibu asilimia 3 ya nusu toni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Mabomba ya ulimi, yenye kibati cha shaba kinachotetema ndani, hubaki karibu palepale. Basi hali ya hewa ikibadilika ghafla, tarumbeta, yaani safu ya mabomba ya ulimi inayoigiza sauti ya tarumbeta, iliyokuwa sawa jana leo inalia utadhani iko kanisa la jirani. Leo ndivyo ilivyo.

Saa 1:30. Mazoezi yangu mwenyewe. Niko kwenye zile sonata sita ambazo mtunzi Bach alimwandalia mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, ajifunzie. Mkono wa kulia una wimbo wake, wa kushoto wake, miguu nayo wake, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Nacheza polepole, kwa sauti moja laini. Ukifungua mabomba yote utajifurahisha, lakini makosa hutayasikia.

Saa 4. Natengeneza tarumbeta. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mwanafunzi mmoja anakaa kwenye kiibodi, mimi napanda ngazi na kuingia ndani ya kinanda, katikati ya mabomba, na kisu chembamba mkononi. Kila bomba la ulimi lina waya mgumu unaoukandamiza ulimi wake. Ukiugonga waya ushuke, sehemu inayotetema inakuwa fupi na sauti inapanda. Ukiupandisha, sauti inashuka. Tunaliza bomba hilo pamoja na la filimbi lenye nota ileile, na kama hazijapatana unasikia mawimbi: wa-wa-wa-wa. Gonga kidogo: waa, waa. Gonga tena, kidogo zaidi, mawimbi yanakoma.

"Inayofuata!" napiga kelele.

"Mwalimu, hii nayo bado," anajibu, na amesema kweli.

Mabomba ya filimbi ndiyo yaliyohama, lakini tunagusa ya ulimi kwa sababu ni machache. Kuyafuata yale mengine yote kungemaliza juma, na jioni joto likishuka tungekuwa tumeharibu.

Saa 6 mchana. Barua, ratiba, nakala za nota zilizopotea. Tuendelee.

Saa 8. Namfundisha kijana atakayepiga kinanda kwenye ibada wakati mimi naongoza kwaya. Kinanda chetu kiko ghorofani upande wa nyuma, kwaya iko mbele, umbali wa mita 30 hivi. Sauti huvuka umbali huo kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini akisubiri kuisikia kwaya ndipo apige, kwaya nayo inamsikia akiwa amechelewa mara mbili, na baada ya mistari michache wote wanajikokota. Lazima afuate mkono wangu kwenye skrini na asiyaamini masikio yake. Kijana mwenye masikio mazuri hilo linamuuma sana.

Saa 10 jioni. Wanakwaya wanaingia mbio, mmoja bado amevaa koti la maabara. Wageni husifu wimbo mkubwa wa baada ya sala, lakini mimi kwaya naipima kwa zaburi. Tuni ya zaburi ni fupi, yenye akodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) 10, au 20 ikiwa ya mistari miwili miwili, na akodi ya kwanza inabeba maneno mengi kadiri yalivyo. Mstari mmoja una silabi nne hapo, unaofuata una ishirini. Hakuna kuhesabu mapigo. Wasiojua huyamwaga maneno haraka haraka halafu huburuta mwisho wa sentensi.

"Msiimbe kwanza. Semeni."

Wanasema. Besi wanameza mwisho wa maneno, soprano wanavuta pumzi mahali pasipo na koma. Tunarudia mpaka pande zote mbili zinasema kwa pumzi moja, kisha tunaimba kwa mwendo uleule.

Saa 11:30. Ibada. Zaburi inachukua kama robo saa, upande wa kulia na wa kushoto wakipokezana. Vyura wa Misri wanapofika, kijana wangu anachomeka sauti nene ya ulimi chini kabisa, na teno mmoja anauma mdomo asicheke. Pale Bwana anapoamka kama mtu aliyekuwa usingizini, tarumbeta inaingia, sawasawa kabisa. Baadaye Wimbo wa Mariamu na wa Simeoni, zote za mtunzi Mwingereza Herbert Howells, alizoziandika kwa ajili ya King's College ya Cambridge miaka ya 1940. Ni muziki unaohitaji mwangwi, na sisi tunao.

Saa 12:30. Napanda kumalizia kwa muziki wa mtunzi Buxtehude huku watu wakipiga soga. Wala sikasiriki. Nikishuka, teno yule ananingoja: "Mwalimu, naomba ruhusa ya wiki moja." Namkumbusha kwamba mwaka 1705 Bach aliomba wiki nne, akatembea kilomita karibu 400 hadi mji wa Lübeck, Ujerumani, kumsikiliza huyohuyo Buxtehude, akarudi baada ya miezi kama minne, na wakubwa wake wakamweka kitimoto. Ruhusa nampa. Kesho jioni ni Zaburi ya 82 hadi ya 85, na upande wake utabaki na teno mmoja tu, mwenye mafua.