Harufu ya Amboseli, 2022

Leo mvua imenyesha huku Kimana, nikaikumbuka Oktoba 2022, mimi na mjomba tukizunguka kando ya hifadhi ya wanyama ya Amboseli, kusini mwa Kenya, kutafuta ng'ombe wetu wanne. Kilichotupokea kwanza ni harufu. Kisha tukaiona mizoga ya pundamilia na nyumbu imetapakaa vumbini, ngozi imekaukia mifupani. Mjomba alisimama kimya, halafu akasema, "Nyasi ndizo zilizotangulia kufa."

Ni kweli. Wanyama wanaokula nyasi ndio waliomalizika zaidi. Twiga walau hufikia majani ya migunga. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilihesabu vifo vya tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381 kati ya Februari na Oktoba mwaka ule. Mimi huwawazia sana watoto wa tembo: mama akikosa malisho, maziwa hukauka.

Misimu minne ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020, na wa tano nao ukakosekana. Hali ya bahari iitwayo La Niña ilirudi miaka mitatu. Ikija, bahari ya Pasifiki ya kati hupoa, upande wa Indonesia hupata joto, na mvua yetu ya vuli huangukia huko. Joto la dunia nalo likanyonya unyevu uliosalia udongoni. Nasi tukazungushia mashamba nyaya palepale wanyama walipokuwa wakipita kufuata maji. Hili linaniuma, maana tumelifanya wenyewe.

Ng'ombe tulimpata mmoja tu, amelala chini ya mgunga. Tulimnyanyua, akasimama kidogo, akaanguka tena.