Kumbukumbu ya mradi: chozi hewani, wiki ya 1 hadi ya 6

Lengo ni picha kumi za chozi, ndege mdogo anayenyonya maji matamu ya maua, akiwa hewani kabisa: miguu haijagusa kitu, jicho limekaa kwenye fokasi (linatoka kali), na rangi yake inaonekana. Mahali ni bustani ya nyumbani Nairobi, penye mshubiri na Leonotis, yale maua ya chungwa yanayokaa kwa mafundo kwenye shina. Vifaa: kamera ya APS-C (kihisi cha ukubwa wa kati), lenzi ya 70–300 mm, stendi ya miguu mitatu, rimoti ya waya, flashi mbili.

Wiki ya 1 na 2: jua peke yake

Kuanzia saa 1:30 asubuhi: shata (muda wa kupokea mwanga) 1/3200 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6 (namba ikipanda, tundu hupungua), wepesi wa kuhisi mwanga ISO 1600. Jua likipanda, ISO inashuka hadi 800. Saa 3 ikipita, kivuli cha utosini kinaharibu kila kitu.

Mwili unaganda vizuri, ncha za mabawa zinabaki na ukungu kidogo, na hilo si kosa. Tatizo ni fokasi. Ikiachiwa kamera, inashika majani ya nyuma. Kwa 300 mm, umbali wa mita 3 na f/8, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 3 tu, yaani upana wa vidole viwili. Kwa hiyo autofokasi imezimwa. Fokasi imewekwa kwa mkono kwenye kijiti kilichoshikwa sentimita 5 mbele ya mdomo wa ua, pale kichwa cha ndege kitakapokuwa, kisha kijiti kikaondolewa.

Wiki ya 3: kumnyima pa kusimama

Maelekezo mengi ya kupiga picha za namna hii yameandikwa kwa ajili ya ndege-mvumaji wa Amerika. Yule bawa lake hujipindua begani, likamwinua likienda mbele na likirudi nyuma, mara 50 hivi kwa sekunde kwa baadhi ya spishi, na anaweza kutulia hewani akinywa. Chozi hana mtindo huo. Anaelea kidogo tu. Akipata pa kushika, anashika. Kwenye mshubiri hukamata bua lenyewe na kuning'inia kichwa chini. Kwenye Leonotis husimama juu ya fundo.

Dawa ni kuchagua tawi moja jembamba lenye ua linaloning'inia, na kuvuta matawi ya jirani kwa uzi ili yakae mbali. Halafu simika kijiti kikavu sentimita 40 kutoka kwenye ua: atatua hapo kwanza, na njia yake ya kuingia itajulikana. Hupenda kukabili upepo anapokaribia, hivyo kamera inakaa ubavuni mwa mwelekeo wa upepo. Ikikaa nyuma yake, utapata mikia mitupu.

Chupa ya maji ya sukari (kipimo 1 cha sukari kwa 4 vya maji, bila rangi wala asali) imeachwa. Penye maua ni kazi ya bure, na sisimizi hufika kabla ya ndege.

Wiki ya 4 na 5: flashi

Jaribio la kwanza kivulini, 1/200, f/8, ISO 400, lilitoa ndege wawili katika picha moja: mmoja mkali, mwingine kama moshi. Mwanga wa kawaida ulitosha kuandika picha yake wenyewe. Tiba: f/11, ISO 200. Kipimo ni rahisi: zima flashi, piga; picha ikiwa karibu nyeusi tii, uko sawa.

Kinachogandisha hapa si shata, ni mmweko. Flashi ikiwa kwenye nguvu ya 1/16, mmweko hudumu kama 1/10,000 ya sekunde. Kwa nguvu kamili hurefuka mno. Ndiyo maana zinawekwa karibu, sentimita 60 kutoka kwenye ua, na nguvu inashushwa. Usiwashe mfumo wa flashi kwa kasi ya juu ya shata: unakata mwanga kuwa mapigo mengi mfululizo, na bawa linarudi kuwa ukungu. Shata ya kielektroniki nayo hukunja mabawa, au huacha mistari. Tumia ya mitambo.

Rangi ndiyo iliyokula muda. Mng'ao wa chozi dume hautokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali na umbo lake dogo linalorudisha mwanga upande fulani tu. Flashi zikiwa ubavuni, dume anatoka mweusi kama mkaa. Flashi moja ikihamishiwa juu ya lenzi, kijani na zambarau vinawaka. Ya pili inabaki upande wa nyuma kuchora ukingo wa mabawa. Kwa yule mwenye kidari chekundu, Chalcomitra senegalensis, angalia histogramu (grafu ya mwanga) ya nyekundu peke yake: mwili mweusi huidanganya kamera iongeze mwanga, na kidari kinaungua hadi manyoya yasionekane. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), piga RAW, yaani faili ghafi.

Kiota kikionekana, kamera inahama. Flashi hapo ni marufuku.

Wiki ya 6: zilizokubaliwa ni nne, tatu zikiwa za ndege anayeondoka. Kuondoka ni rahisi kuliko kufika, maana huinamisha mwili kidogo kabla ya kuruka na kidole kinapata muda. Upepo wa asubuhi umegeuka, kwa hiyo wiki ya 7 inaanza kwa kuhamishia stendi upande wa ukutani.