Maji ya Moto Mwezi Januari

Ukitapika asubuhi kwenye karakana za samani Keko, utapewa dawa kumi kabla hujafuta mdomo. Mimi nilipewa zote. Malaria, wakasema, nikapima, hamna. Vidonda vya tumbo. Nikameza omeprazo na kususa maharage miezi miwili. Shangazi wa Mbagala akasema nimetupiwa kitu. Fundi mwenzangu, niliyemwamini kuliko wote, akanivuta pembeni: "Ongeza msokoto mmoja, kaka, tumbo litatulia. Hata Ulaya wanawapa wagonjwa wa saratani." Hakudanganya sana. Zipo dawa zenye kemikali ya bangi wanazopewa watu wanaotapishwa na tiba ya saratani. Ila mimi nilikuwa navuta mara tatu nne kwa siku, mwaka wa tisa huo.

Nikaongeza.

Kitu pekee kilichonipa nafuu kilikuwa maji ya moto. Dar, Januari, joto la paka kulala kwenye sakafu ya choo, mimi nimejifungia bafuni na ndoo inafuka mvuke! Nikijimwagia, kichefuchefu kinakatika ghafla kama umeme. Ndoo ikiisha, hicho kimerudi. Siku mbaya niliingia mara saba. Mtungi mdogo wa gesi uliokuwa unatufikisha mwezi na ushee ukawa haumalizi wiki mbili, mke wangu akarudi kwenye mkaa kwa hasira. Nyumba ya kupanga haina siri, wapangaji wakawa wanamuuliza, "Mama, mzazi wako ameshakandwa leo?" Nikawa nacheka nao huku mgongo umebabuka.

Nilipoanguka kando ya mashine ya randa ndipo nikapelekwa hospitali. Dripu tatu, vipimo vya damu, utrasaundi: laki na nusu hivi, au zaidi, mke ndiye aliyelipa. Daktari, kijana mdogo tu, akauliza, "Ukioga maji ya moto unapata nafuu?" Nikamgeukia mke wangu nikidhani amenichoma. "Na bangi unavuta tangu lini?"

Kumbe ugonjwa unajulikana. Madaktari wa Australia waliuandika mwaka 2004: wavutaji wa miaka mingi, wanatapika, wanaoga maji ya moto kutwa. Bangi ina vipokezi vyake, yaani sehemu za mwili zinazoipokea, ubongoni na tumboni pia. Ikiwa kidogo inatuliza. Ukiivuta kila siku kwa miaka, wengine huwageuka, chakula kinakaa tumboni hakishuki. Dawa ni kuacha, basi. Akagusia kwamba kuna krimu ya pilipili inayopakwa tumboni, inafanya kazi kama yale maji.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipoamka. Krimu ya nini, na pilipili mbuzi zimejaa sokoni? Nikatwanga nane, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikajipaka kuanzia kifuani hadi kitovuni. Dakika mbili za kwanza nikajiona profesa. Kisha jasho likaanza kuteremka na pilipili yake, likavuka kitovu, likaendelea na safari. Nikakimbilia bafuni, nikasahau mikono, nikajifuta macho. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Ndugu yangu, krimu inanunuliwa famasi.

Kuacha kwenyewe: wiki ya kwanza sikulala, shuka linalowa jasho, chakula nakitazama tu, na nikamfokea fundi kwa sababu ya msumari. Wiki ya pili zikaja ndoto, ndoto zenye rangi, baada ya miaka ya kulala kama gogo. Kutapika kuliisha polepole, maana kemikali ya bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Mfukoni nilitembea na ubuyu wa mia mbili. Mkono ukitafuta kitu, unakipata.

Mtungi uliopo sasa una wiki ya sita.

Fundi mwenzangu bado anashikilia kwamba vilikuwa vidonda vya tumbo. Juzi nilimuuliza mbona shingo imembabuka. Akasema jua. Karakana yetu ina paa.