Gurudumu la Tano la Datsun

Mtu anayeishi Mombasa na kumiliki gari la kale la Kijapani hulielewa jambo hili polepole: meli zinaweza kushusha Kilindini magari ya kutoka Japani mwaka mzima, na bado asipate miongoni mwake rimu hata moja itakayoingia kwenye gari lake. Nimekuwa nikitafuta spea, yaani gurudumu la akiba, ya Datsun 240Z yangu tangu kusi lianze kuvuma. Kwa kuwa sasa utafutaji umekwisha, naona ni vyema niandike yaliyonifunza, kabla sijaanza kusahau vipimo.

Aina hii ya gari ilitengenezwa kati ya 1969 na 1973, na wazee wengi wa hapa bado wanaikumbuka kwa sababu ya mbio za Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, baada ya kufungana kwa alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Langu halijashinda chochote. Lilinifikia likiwa limekwisha kubadilishwa na wenyewe waliotangulia: breki za mbele ni kubwa zenye pistoni nne kila upande, difu (gia za ekseli ya nyuma) ni ile ya kujifunga, inayozuia magurudumu mawili ya nyuma yasipishane sana kasi, na rimu ni za inchi 15 zilizovaa tairi za 205/60 (upana wa milimita 205, na kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo), badala ya zile za chuma za inchi 14 lilizotoka nazo kiwandani. Kila badiliko lilifanywa kwa ustadi, na gari linakwenda na kusimama vizuri kuliko lilipokuwa jipya. Hata hivyo, chini ya ubao wa buti, mahali pa spea, palikuwa na jeki na kitambaa kikuukuu tu.

Kwa safari za mjini, kutoka Ganjoni hadi Nyali na kurudi, upungufu huo haunikoseshi usingizi, kwa maana fundi wa pancha hayuko mbali. Kuondoka Mombasa usiku kwenda Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 480, ni habari nyingine. Baada ya Mariakani malori huwa mengi, vipande vya chuma na mawe hukaa pembeni mwa lami, na kati ya Voi na Mtito Andei barabara inakata katikati ya Tsavo, ambako hakuna mtu mwenye akili atakayependa kuchuchumaa gizani kando ya gari. Wapo wanaosema dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme vinatosha. Vinatosha kwa msumari. Tairi likichanika ubavuni, dawa yote humwagika barabarani.

Nilianza na wauzaji wa vipuri vilivyotumika, na hapo ndipo nilipokutana na hesabu ya stadi, yaani zile bolti za habu, kitovu cha gurudumu, ambazo nati hufungwa juu yake. Datsun yangu ina nati nne zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, yaani inchi nne na nusu. Zamani mpangilio huo ulikuwa wa kawaida kwa Wajapani. Hata Corolla za zamani zilizosukumwa na magurudumu ya nyuma zilikuwa nao. Siku hizi gari dogo la Kijapani huwa na nati nne kwenye milimita 100, na lililo kubwa kidogo huwa na nati tano kwenye milimita 114.3. Kwa kuwa gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, vinavyoshushwa bandarini ni vya siku hizi tu. Nilikuwa nikionyeshwa rimu nzuri za 114.3, nikizigeuza tu nakuta mashimo matano.

Hatimaye ilipatikana spea nyembamba ya muda, ya Nissan Bluebird ya miaka ya tisini, yenye nati nne na duara sahihi. Nikaipeleka Shimanzi kwa fundi mmoja mzee ambaye hupima kwanza, akasema baadaye. Tundu la katikati lilikuwa dogo kuliko habu ya Datsun, ambayo ni ya milimita 73. Hilo lingechongwa kwenye mashine. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba Bluebird husukumwa na magurudumu ya mbele, na rimu zake huingia ndani sana. Ikifungwa mbele kwenye Datsun, inakaribia kugusa shokabsoba. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na nyuma je?" Tairi hiyo, T125/70D15, ina kipenyo cha takriban milimita 556, ilhali zangu zina 627. Maana yake, ikiwekwa nyuma, itazunguka haraka kuliko mwenzake kwa asilimia 13 hivi, na difu ya kujifunga itashindana na tofauti hiyo njia nzima mpaka ichemke. Kwa hiyo mbele haikai, na nyuma inakaa kwa kuharibu.

Wazo la kurudia rimu ya asili ya inchi 14 nalo lilijadiliwa. Nyuma inaingia bila shida, na kipenyo cha tairi yake ya awali hakipishani sana na changu. Mbele inagonga breki. Pancha ikitokea mbele, itabidi nihamishe gurudumu zima la nyuma nilipeleke mbele, kisha spea niiweke nyuma: gari kupandishwa jeki mara mbili, malori yakipita. Fundi alisema inawezekana. Mimi nilikataa, na sijabadili msimamo.

Jibu lilikuja kutoka kwa mpenzi mmoja wa magari ya kale wa Nairobi, aliyebaki na rimu yatima ya aluminiamu baada ya nyingine za seti yake kupasuka: inchi 15 kwa 6, nati nne, 114.3, yenye uso wa kufungia uliokaa katikati kabisa ya upana wake, kama gari hili linavyopenda. Tukaipima mbele, ikapita breki kwa nafasi ya kidole. Nikaivisha tairi la 185/65, saizi iliyojaa madukani, na kabla ya kulipa nikasoma tarakimu nne za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu tairi linaweza kuzeeka bila kugusa lami. Kipenyo chake ni karibu milimita 622, tofauti isiyofika asilimia moja, hivyo difu haina la kulalamika. Inaingia kwenye shimo lake chini ya buti, ingawa ubao wa juu umenyanyuka kidogo.

Yamebaki mawili. Rimu nne za gari hufungwa kwa nati zenye shingo ndefu na washa bapa, ilhali hii yatima inataka nati zenye mdomo wa koni. Kwa hiyo nimenunua nne za pekee, za M12 (kipenyo cha milimita 12) zenye nyuzi za 1.25, yaani milimita kutoka uzi hadi uzi, kwa kuwa zile za Toyota ni za 1.5 na zingeharibu stadi, nikazifunga kwenye mfuko uliofungwa kwenye spea yenyewe. La pili ni gurudumu lililopata pancha: tairi la 205 kwenye rimu pana halitaingia katika shimo hilo, itabidi lilale juu ya ubao nyuma ya viti, na gari hili ni la watu wawili lisilo na ukuta kati yao na mizigo. Wiki hii fundi ananichomelea vikulabu viwili sakafuni vya kupitishia mikanda, ili nikifunga breki ghafla lisije mbele kutusalimia.