Siku yangu ngamani

Saa kumi na mbili asubuhi nipo barazani kwetu hapa Lamu, nashona mito. Si ya kulalia. Natia sufi ndani ya vipande vya chandarua kuukuu, nafunga kwa kamba ya usumba. Sufi hunijaa puani na kwenye kope. Mke wangu asema nafanana na mbuzi mweupe anayenuka dizeli.

Kazi yangu ni kusafisha ngama za boti, yaani tumboni chini kabisa. Mle hukusanyika maji, dizeli na oili ya injini, na wengi huyafua yote na kuyamwaga baharini. Mimi hutia mito. Unyuzi wa sufi ni mtupu ndani kama mrija, na nje una nta: maji huyakataa, mafuta huyanywa, na hata ukishiba huelea. Makumbi ya nazi nayo hunyonya mafuta, ila hunywa na maji; nabakisha ya kupangusia mbao.

Saa mbili boti ya kwanza, saa tatu na nusu ya pili. Salama.

Saa nne akaniita nahodha mmoja, mtu mzima. "Kijana, nimekurahisishia. Nimetia sabuni."

Nguvu zikaniisha. Sabuni huyavunja mafuta yakawa matone madogo ndani ya maji, na sufi ikilowa sabuni, nta yake haifui dafu. Mto wa kwanza ukazama. Wa pili ukazama.

"Sufi yako mbovu."

"La, mzee." Nikamweleza habari ya Torrey Canyon, meli ya mafuta, ilipopanda mwamba Uingereza mwaka 1967, wakamwaga sabuni kali, ikaua viumbe wengi wa pwani kuliko mafuta yenyewe. Akaniuliza meli hiyo ya nani.

"Yafue tu, bahari kubwa!"

Kubwa, naam. Lakini maji haya yakijaa huenda mikokoni, na mkoko hupumua kwa mizizi. Ukiupaka mafuta umeuziba pua. Nikaazima madumu. Nikafua ndoo kwa ndoo, mgongo umepinda, jua utosini, naye kakaa kivulini ananihesabia. Adhuhuri ikanipita, sijui alasiri iliadhiniwa lini. Madumu kumi na moja, punda wawili, na malipo ni yaleyale ya ngama moja.

Usiku nikamulika dumu la kwanza kwa tochi. Mafuta yamepanda kiasi cha ukucha. La pili bado jeupe kama tui.